Ndoo ya Mwalimu Alfredi

Mwalimu Alfredi ndiye mwanamume wa kwanza kuonekana kijijini kwetu na ndoo ya maji kichwani. Nasema kichwani. Kwenye baiskeli wanaume walibeba maji kila siku, madumu huku na huku, wakayauza kwa wenye uwezo, na hakuna aliyecheka. Lakini ndoo kichwani, na ngata ya kitambaa chini yake, hiyo ni kazi ya mwanamke. Mwanamume akiifanya, watu hutafuta sababu. Sababu waliyoipata nusura imkoseshe mtoto mtihani na Alfredi kazi yake.

Shule yetu iko juu ya uwanda, upande wa Newala, na maji yako chini bondeni kwa Kitangari. Miaka ile bomba la kijiji lilikuwa limekauka mpaka buibui wakatanda kwenye koki. Mwenye miguu alishuka bondeni alfajiri akapanda na ndoo yake jua likiwa limeshatoka. Sisi walimu tulikuwa na kisima cha shule, kile cha saruji kinachovuna mvua kutoka kwenye mabati ya paa. Wazazi walikichimba wao wenyewe kwa msaragambo, kisha kikafungwa kufuli na maji yake yakawa ya walimu, ndoo moja kwa kila mwalimu kila siku mpaka mvua nyingine. Wazazi hawakulalamika. Mwalimu asiye na maji huomba uhamisho, na hilo walilijua vizuri.

Ilikuwa enzi ya ruksa. Wanunuzi binafsi wa korosho walikuwa wamerudi na malori yao, mitumba imejaa mnadani, na kwa kuwa mishahara yetu ilikuja inapojisikia, kila mwalimu alikuwa na kamradi kake. Mimi niliuza vitenge nilivyovifuata Masasi, ambako mama yangu ana nyumba pale Mkomaindo. Mwalimu Sadallah, mkongwe wetu, alifuga kuku. Wengine walifundisha tuisheni jioni. Mtoto ambaye kwao hakuna cha kulipia tuisheni alibaki na kile alichokipata asubuhi, na tuseme ukweli, kilikuwa kidogo.

Hapo ndipo tulipoletewa mwalimu mkuu mpya, Silvano, mtu mfupi mwenye suti moja ya rangi ya udongo. Katika kikao chake cha kwanza hakusema habari ya maandalio ya somo wala usafi wa vyoo. Alitutaka kila mmoja amtaje mwanafunzi aliyemshinda.

"Aliyekushinda kabisa," alisema. "Yule ukimwona anaingia darasani moyo unakufa."

Tulitazamana. Nilimwambia Sadallah kwa sauti ndogo kwamba huyu ametoka semina, atapoa. Silvano alinisikia, akatabasamu.

"Sitapoa, Mwalimu Priska. Nchi nzima siku hizi ni ruksa. Ruksa kuuza, ruksa kununua. Na mimi nawapa ya kwangu. Mchukue mtoto mmoja, huyo aliyekushinda, mfanyie jambo ambalo hujawahi kumfanyia. Ukikosea katika kumsaidia, kosa hilo ni langu. Nitasimama mbele yako."

Maneno matamu. Nimekaa kazini vya kutosha kujua kwamba wakubwa husimama mbele yako mpaka mvua inaponyesha. Sikumtaja mtu.

Aliyezungumza ni Alfredi, na hilo lilitushangaza. Alfredi alifundisha hisabati na alikuwa mwalimu wa nidhamu, mjane wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mkavu, mtu wa Masasi kama mimi, ila yeye alikulia bwenini kwa wamisheni tangu akiwa mdogo. Watoto walimwogopa hata akiwa amelala.

"Dominika wa la saba," alisema. "Amenishinda. Nimemchapa mpaka mkono umechoka na bado anachelewa. Akifika, analala. Nilikuwa nataka kupendekeza tumrudishe la sita asije akatuharibia matokeo."

"Umemuuliza kwa nini anachelewa?"

Alfredi alifikiri. "Sijamuuliza."

Basi akamuuliza. Nilikuwepo, kwa sababu Dominika alikuwa darasani kwangu wakati huo, amelala juu ya kitabu cha Kiswahili, mdomo wazi. Alfredi alimwita mlangoni. Yule binti alinyoosha mkono moja kwa moja, kiganja juu, tayari kwa fimbo. Alfredi akautazama ule mkono kama kitu asichokijua.

"Shusha mkono. Nakuuliza, kwa nini unachelewa?"

"Maji, mwalimu."

Ilikuwa hivyo tu. Baba hakuwa naye, mama yake alikuwa amefariki, naye alilelewa na bibi yake, Bibi Yuliana, ambaye nyonga yake ilikuwa mbovu na hakuweza kushuka bondeni. Dominika alishuka peke yake kila alfajiri, akapanga foleni na wanawake wazima, akapanda, akamwachia bibi maji ya kutwa, ndipo akakimbia shule. Alikuwa na akili, huyo mtoto. Siku chache alizokuwa macho darasani, alinijibu maswali ambayo wenzake wa tuisheni waliyakodolea macho tu. Mtihani wa kumaliza la saba ulikuwa Septemba na sisi tulikuwa Julai.

Kesho yake asubuhi Alfredi alichota ndoo yake kisimani. Tulidhani anaipeleka nyumbani kama sisi sote. Baiskeli yake ingezama kwenye mchanga wa njia ile ya kwa Bibi Yuliana, kwa hiyo hakuichukua. Alikunja taulo, akaliweka kichwani, akaitwika ndoo na kuondoka nayo, katikati ya kijiji, mbele ya duka na mashine ya kusaga, maji yakimmwagikia shingoni kwa sababu hakuwa na uzoefu. Alirudi kengele ya kwanza ikigonga, shati limelowa, na Dominika nyuma yake kwa mbali, na daftari lake, amewahi.

Alifanya hivyo siku iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Yeye mwenyewe akawa anaoga kwa kikombe. Silvano alimsifu kwenye kikao, na wengine wakaanza kuona aibu kidogo, nami nilikuwa mmoja wao ingawa sikuionyesha. Dominika aliacha kulala darasani. Akawa anabaki mchana kufanya hesabu ubaoni, na Alfredi akimsahihisha kwa sauti ile ile ya ukali, maana sauti nyingine hakuwa nayo.

Habari niliipata kwenye mashine ya kusaga, wiki kadhaa baadaye. Mama Oscar, mteja wangu wa vitenge, aliniuliza kama nitamletea kitenge cha harusi.

"Harusi ya nani?"

"Eh, mwalimu! Usinifiche. Ya Mwalimu Alfredi na yule mjukuu wa Bibi Yuliana. Mwari ametoka unyagoni likizo ya Juni, Julai mwalimu keshaanza kazi ukweni. Na kazi yenyewe ya maji! Mume wangu mimi alimpasulia mama yangu kuni tu."

Nilishika ukuta. Kwetu, kuanzia Masasi mpaka kule uwandani, mwanamume akimtaka binti haanzi kwa maneno, huanza kwa kazi. Hulima shamba la mama wa binti, hupasua kuni, huezeka banda. Hasemi kitu. Kazi ikipokelewa, ameshakubaliwa, na kila mtu anajua bila kutangaziwa. Kijana wa hapa hawezi kubeba hata jembe la mama mwenye binti bila kuangalia kwanza nani anamwona. Mimi nalijua hilo tangu utotoni. Alfredi, aliyekulia bwenini akila kwa kengele na kulala kwa kengele, hakulijua, na sisi tuliolijua tulikuwa tumezoea sana kumwona kama fimbo yenye miguu hata haikutupitia akilini kwamba mtu anaweza kumdhania mchumba.

Nilirudi shuleni mbio. Dominika nilimkuta chini ya dirisha la darasa, peke yake, wenzake wakiwa wamejitenga naye na kucheka.

"Umesikia wanayosema?" nilimuuliza.

Aliinamisha kichwa. "Nimesikia siku nyingi, mwalimu. Bibi naye anaamini. Anasema nimepata bahati."

"Na wewe?"

"Mimi sitaki kuolewa, mwalimu. Nataka kufanya mtihani. Lakini nikimwambia Mwalimu Alfredi aache kuleta maji, nitachelewa tena, na mtihani sitafanya vilevile." Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Nikaona ninyamaze."

Mtoto wa kama miaka kumi na minne alikuwa amebanwa huku na huku, na akaamua kubeba aibu ya kijiji kizima ili awahi kengele.

Nilimwambia Silvano na Alfredi pamoja, ofisini, mlango umefungwa. Alfredi alibadilika rangi. Mwalimu na mwanafunzi: kwa kosa hilo hupewi onyo, unafukuzwa, na mratibu wa elimu wa kata akisikia upande mmoja tu ingekuwa imekwisha.

"Nitakwenda kwa bibi sasa hivi nimwambie simtaki mjukuu wake," alisema.

"Ndiyo utaharibu zaidi," nilimjibu. "Umefanya kazi ukweni, imepokelewa, kisha unasema humtaki? Utakuwa umemkataa binti mbele ya kijiji kizima. Watauliza ana kasoro gani. Hapo hata hiyo shule hataweza kukanyaga."

"Basi nifanye nini, Priska?"

Nilimtazama Silvano, na kwa kweli nilikuwa nasubiri kuona mvua ikinyesha. Alikuwa anatoka jasho ndani ya ile suti. Alivuta droo, akaifunga, akaivuta tena. Nikajisemea, huyu sasa atamwandikia Alfredi barua ya kujieleza, na sisi tutarudi kwenye vitenge na kuku wetu.

Kabla hajasema kitu, mlango uligongwa. Alikuwa mjomba wa Dominika, Selestini, mtoto wa Bibi Yuliana, aliyekuwa akiwanunulia korosho wafanyabiashara kule Lisekese. Alikuja na pikipiki ya tajiri wake na koti zito la mtumba lisilofaa kwa jua lile. Kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto, kwa hiyo ujio wake haukuwa matembezi.

Aliamkia vizuri, akapewa kiti. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonitia hofu.

"Mwalimu mkuu, mama amenituma," alisema. "Tunashukuru. Mwalimu Alfredi ni mtu mzima, ana kazi ya serikali, si mlevi. Sisi hatuna neno. Nimekuja tu kumchukua mtoto. Binti aliyeposwa hawezi kukaa dawati moja na vitoto vya watu. Atakaa kwa bibi yake mpaka tupange."

"Mtihani ni mwezi ujao," Silvano alisema.

"Mtihani wa nini tena, mwalimu? Ameshapata."

Alfredi alifungua mdomo. Nilimkanyaga mguu, na nilikuwa nimevaa viatu vya visigino.

Silvano alisimama. Kwa urefu haikuleta tofauti kubwa, lakini alisimama, akaja upande wa pili wa meza mpaka akawa kati ya Selestini na Alfredi.

"Mzee Selestini," alisema, "nadhani mama hakuelezwa vizuri, na kosa ni langu. Ile ndoo si ya Alfredi. Ni ya shule. Mimi ndiye niliyesema apelekewe. Tuliamua walimu wote tumsaidie Dominika afike mtihani, na Alfredi ndiye aliyetangulia zamu."

"Zamu?" Selestini aligeuka kunitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayejua mila na alijua ninaijua. "Eti mwalimu, kuna zamu?"

Sijawahi kuwa na dakika ndefu kama ile. Nikamkumbuka Dominika na kiganja chake juu.

"Ipo," nilisema. "Kesho ni mimi."

Selestini alicheka taratibu. "Haya. Mimi nipo kwa mama mpaka Jumapili. Nitaziona hizo zamu."

Alipoondoka, Alfredi alikaa kitini. Silvano akanigeukia akataka kunishukuru, nikamwambia aniache, maana nilikuwa nimekasirika. Ndoo yangu ya kesho nilikuwa nimeshaipangia kufua.

Nilikwenda. Tangu nitoke chuo cha ualimu sikuwa nimebeba ndoo kichwani, nilikuwa nikichotewa na mtoto wa jirani, na shingo ilinikumbusha hilo njia nzima. Wanawake kwenye mashine ya kusaga walinyamaza nilipopita. Mama Oscar aliuliza, "Mwalimu, na wewe unaoa?" Nikamjibu kwamba nikioa atapata mwaliko. Bibi Yuliana alikuwa amekaa mlangoni, na Selestini pembeni anakunywa uji.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu." Alinitazama, akaitazama ndoo, akatazama njia nyuma yangu. "Mkwe wangu mwalimu yuko wapi?"

"Yuko darasani, bibi. Leo zamu yangu."

Alinionyesha mtungi, nikamimina, nikaondoka.

Siku ya pili alikwenda Sadallah. Huyu alikuwa mzee wa msikiti, mwenye wake wawili na wajukuu wasiohesabika, na aliweka ngata juu ya kofia yake ya hariri kwa sababu alikataa kuivua. Watoto walimfuata kama ngoma. Alifika, akatua ndoo, akamsalimia bibi, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nyumba ya tatu kwamba hatafuti mke, wawili alionao wanamtosha na kumzidi. Kijiji kilicheka mpaka jioni.

Siku ya tatu alikwenda mwalimu mkuu mwenyewe, na suti. Maji yalimwagika nusu, suti ikabadilika rangi kutoka udongo mkavu kuwa tope, na alipofika alikuwa anahema hata salamu hakuweza kuitoa. Mimi niliambiwa na Dominika, aliyekuwa bado hajaondoka nyumbani, kwamba Bibi Yuliana alimwangalia yule mtu mfupi akidondosha maji kwenye uwanja wake, akaanza kutikisika mabega.

"Selestini," bibi alisema, "wachumba wote hawa, mimi nitawalisha nini?"

Selestini naye akaangua kicheko. Wakacheka wote, mpaka bibi akashika nyonga yake kwa maumivu. Kisha akajifuta macho, akamwambia Silvano akae, akamwuliza kwa upole kwa nini watu wazima wenye vyeti wanajidhalilisha hivi kwa ajili ya mtoto wa kike asiye na baba wala mama.

Silvano hakuwa na pumzi ya hotuba. Alimwambia, "Kwa sababu anaweza, bibi. Huyu mtoto anaweza."

Bibi akamwambia mwanawe arudi Lisekese kwenye korosho zake, mtoto afanye mtihani wake. Mambo mengine yatazungumzwa akimaliza, tena na mtu mwingine, si mwalimu.

Zamu ilikuwa imeanza kama uongo wa kuokoa siku moja, lakini sasa haikuwezekana kuiacha, kwa kuwa bibi alikuwa anatusubiri mlangoni na kijiji kilikuwa kinatuhesabu. Tukaendelea. Kila mmoja alitoa ndoo yake siku yake. Walimu wa tuisheni waliobeba ile ndoo wakaanza kumwacha Dominika aingie jioni bila kumwuliza kitu, na baada yake wakaingia wengine wa aina yake. Mimi mwenyewe nilimtafuta yule mvulana wa la tano aliyenishinda kumfundisha kusoma, ambaye kwenye kikao nilikuwa nimekataa kumtaja. Fimbo ya Alfredi ilikuwa bado pale ofisini nyuma ya kabati, lakini kabla ya kuichukua akawa anauliza swali moja kwanza, na mara nyingi baada ya jibu hakuichukua.

Matokeo yalipotoka Dominika alichaguliwa sekondari, na tulishangilia. Lakini siku ninayoikumbuka ni ile ya mtihani.

Siku ya mtihani walimu wa shule husika hawaruhusiwi kusogea. Wasimamizi hutoka shule nyingine, na sisi tulifukuzwa asubuhi kama kuku jikoni. Tukawa hatuna la kufanya. Alfredi akasema leo zamu yake. Hakuwa amebeba tangu siku ile ya Selestini, tulimzuia kwa usalama wake, na hakulalamika. Sasa akachota ndoo, akaweka taulo kichwani, na sisi tukachota zetu, tukaenda wote kwa mstari, tukajaza mtungi wa bibi na mapipa ya majirani zake. Tulikuwa na wasiwasi na mikono ilitaka kazi. Tukarudi, tukachota tena, na kisima siku hiyo kilishuka sana.

Mchana tulikuwa njiani na mzigo mwingine, tunapita karibu na shule, ndipo la saba walipotoka. Walitoka wakipiga kelele. Dominika alitoka mwisho, na penseli mkononi. Alituona, akaja moja kwa moja kwa Alfredi, akapiga goti.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umejibu yote?" Sauti ile ile ya ukali.

"Nimejibu yote, mwalimu."

Alfredi alisimama pale na ndoo kichwani, maji yakimdondoka shingoni kama siku ya kwanza, na nadhani si maji ya ndoo tu. Dominika aliinuka, akainua mikono yote miwili, akaishika ile ndoo kwa pande zote.

"Basi nipe, mwalimu," alisema. "Nimeshamaliza."

Akaitua kutoka kichwani kwa Alfredi, akajitwika yeye, akatangulia mbele yetu kwenda kwa bibi yake, na halikumwagika hata tone.